Walimu wa Kiingereza mtandaoni, msifunge chati darasani

Mwalimu wa Shangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita.

Nafundisha watu wazima Kiingereza kwa Zoom, ile programu ya mikutano ya video, nikiwa nyumbani, Shangani, hapa Mtwara mjini. Huu ni mwaka wa nne. Wanafunzi wangu wengi ni wa hukuhuku Kusini: karani wa chama cha msingi cha korosho Tandahimba, wauguzi wawili wa Masasi, vijana wanaotembeza wageni Mikindani, mtu wa forodha bandarini, mama mwenye duka la vitenge Newala, mwalimu wa shule ya msingi Nachingwea. Tunakutana saa 2 usiku mara tatu kwa wiki, na siku yenye mahudhurio mazuri tunafika kumi na watano.

Wiki iliyopita tulikaa walimu kadhaa tunaofundisha kwa njia hii tukawa tunapeana uzoefu. Mmoja wetu, mtu mzima ninayemheshimu, akasema akifungua kipindi jambo la kwanza ni kuifunga chati, yaani pale pa kuandikiana meseji ndani ya Zoom. Sababu yake ni kwamba watu wamelipa ada waje kuongea, wakiachiwa pa kuandika watajificha huko. Karibu wote wakamuunga mkono. Mimi sikusema kitu. Nilirudi nyumbani na maneno yale, na leo nayasema hapa niliyopaswa kuyasema pale.

Nianze na binti mmoja wa Newala. Alijiunga mwezi wa Februari. Wiki tatu nzima maiki yake haikufunguka hata mara moja. Nikimwita, jina lake liko pale kwenye skrini, kimya. Nikadhani ni mtandao. Siku nyingine nikadhani ameacha simu mezani kaenda jikoni. Kipindi cha kumi hivi nikauliza swali jepesi, kila mtu aeleze kazi yake, ikaingia meseji kwangu peke yangu: "Teacher I have answer but they will laugh my mouth."

Msomaji wa mbali anaweza asielewe hapo. Huo mdomo anaousema ni mdomo wetu sisi, sisi tunaosema Ntwara, ntoto, nchele. Mtu wa huku akifungua kinywa Kariakoo, watu wanacheka kabla hajafika mwisho wa sentensi, na wanaona ni utani wa kawaida. Sasa kama unachekwa kwa Kiswahili ulichokua nacho, Kiingereza utakithubutu saa ngapi? Na huyu alikuwa na la ziada. Kidato cha kwanza aliwahi kuvishwa kibao shingoni siku nzima kwa kukutwa anaongea Kiswahili. Ametoka shule ya msingi alikofundishwa kila kitu kwa Kiswahili, imepita likizo moja, anatakiwa awe na lugha nyingine mdomoni. Alichojifunza pale ni kunyamaza, na amenyamaza miaka kumi na mmoja.

Nikamjibu hukohuko: andika jibu lako, litume kwa wote. Akaandika mistari minne kuhusu kazi yake ghalani, jinsi sampuli ya korosho inavyokatwa ili kuangalia ubora kabla ya mnada. Makosa yalikuwemo, lakini habari ilikuwa tamu. Mtu wa forodha akamuuliza swali hukohuko kwenye chati, akajibu. Muuguzi naye akauliza. Nilipoona wamenogewa nikamwomba afungue maiki asome yaleyale aliyoyaandika, neno kwa neno, asiongeze kitu. Sauti ilitetemeka, ila alisoma mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka, kwa sababu walikuwa wameshajua anasema nini. Hawakuwa wanasikiliza lafudhi tena, walikuwa wanasikiliza korosho.

Sasa niambieni, ningekuwa nimeifunga chati, huyu binti angeniambia wapi yale maneno?

Nimelifikiria sana jambo hili na naona kinachofanya kazi kwanza ni muda. Mwalimu akiuliza swali kwa mdomo hasubiri, hata awe mpole namna gani. Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, alipima hilo madarasani na kuchapisha matokeo yake miaka ya 1970: walimu walikuwa wakisubiri kama sekunde 1 tu, kisha wanamwita mwingine au wanajibu wenyewe. Walipojizuia hadi sekunde 3, majibu yakawa marefu na wanafunzi wengi zaidi wakajitolea kujibu. Wale walikuwa watoto wanaosomeshwa sayansi kwa lugha yao. Mtu wangu wa Tandahimba anaanza na Kimakonde, anapita kwenye Kiswahili, ndipo afike Kiingereza. Sekunde 1 hata hajatoka nyumbani.

Kwenye chati anapata hizo sekunde bila kuziomba. Na hamzuii mwenzake. Kwa mdomo, kumi na watano wakitaka kusema, mmoja anasema na kumi na wanne wanasubiri. Kipindi cha dakika 40 kinaisha wengine hawajatamka neno. Kwa maandishi wote wanasema kwa pamoja, na mimi nawaona wote.

Halafu kuna macho. Kosa la mdomo linapita. Karani wangu alikuwa akisema "my wife he is" kila siku, maana Kiswahili kina "yeye" moja tu, mke ni yeye, mume ni yeye. Nilimsahihisha kwa mdomo labda mara thelathini. Anaitikia "yes, yes, she", sentensi inayofuata "he". Siku moja akaiandika kwenye chati. Ikakaa pale juu, mbele yake. Kabla sijasema kitu nikaona ametuma nyingine chini yake: "she is". Hakuna aliyemwambia. Ameiona mwenyewe, akajisahihisha mwenyewe. Tangu siku hiyo amekuwa akijikamata hata anapoongea, siyo kila mara, lakini nasikia anavyosita kidogo kabla ya kuchagua.

Na yale tunayoyabeba kutoka Kiswahili bila kujua, chati ndiyo inayonionyesha. "I hear hungry", kwa sababu sisi njaa tunaisikia. "You are lost", kwa mtu ambaye hamjaonana mwezi mzima. "Sorry" kwa mtu aliyejikwaa barabarani wala hukumsukuma, kwa kuwa anatafuta pole yetu na haipo. Haya siyo makosa ya uzembe, ni Kiswahili kizuri kimevaa nguo ya kuazima, na nayapenda kwa sababu kila moja ni somo. Kwa mdomo yangenipita matatu kati ya manne.

Ninavyofanya kipindini ni hivi. Nauliza swali, nasema: andikeni, msitume. Nasubiri nusu dakika, kimya kabisa. Kisha nasema: tumeni! Majibu yote yanashuka kwa mkupuo. Sisi tunaiita mvua. Uzuri wa mvua ni kwamba hakuna anayeandika akiwa amemwangalizia mwenzake, na yule wa haraka hawazimi wa polepole. Nachagua matatu, naomba wenyewe wayasome kwa sauti, tunaongea kutokea hapo. Kuna mwanafunzi mmoja kila kipindi ambaye kazi yake ni kulinda chati, tunamwita kiranja. Mimi siwezi kuongea na kusoma kwa wakati mmoja bila kupoteza kimojawapo, kwa hiyo kiranja ananikatiza: mwalimu, kuna swali la mama wa Newala halijajibiwa. Na kwa Kiingereza, hiyo ndiyo ada ya ukiranja. Kumkatiza mtu kwa adabu kwa lugha ya kigeni ni kazi ngumu, nayo wanaipata humo.

Mtu akiwa anaongea, simkatizi. Naandika kwenye chati sentensi iliyosahihishwa, yeye anaendelea, akimaliza anaikuta inamsubiri.

Sasa mtandao. Wa Kusini mnaujua. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ya nchi nzima ilikuwa ya kuchechemea. Huku tulikuwa bado hatujapumua, wiki moja tu kabla kimbunga Hidaya kilikuwa kimeharibu barabara ya Dar upande wa Kilwa. Kipindi changu cha Jumatatu nilitaka kukiahirisha. Tukajaribu. Picha hakuna, sauti inakuja vipande kama mtu anaongea kutoka ndani ya mtungi. Lakini maandishi yakapita. Dakika 40 tuliandikiana, tukamaliza somo.

Sababu yake ni ya kawaida tu. Zoom wenyewe wanasema sauti inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na video ya watu wawili ya ubora mzuri 600. Na sauti haina subira: kipande kikichelewa kinatupwa, unasikia pengo. Herufi zina subira. Meseji ya herufi mia ni kama baiti mia, ikikwama inatumwa tena, ikichelewa sekunde nne haijaharibika. Ukipiga hesabu, saa nzima ya sauti peke yake inakula kama MB 36 kwa upande mmoja, na video mara saba au nane ya hapo. Mwanafunzi anayenunua bando la siku anayajua haya kuliko sisi walimu.

Sisemi chati haina ubaya. Mwaka wa kwanza niliiacha wazi kwa kila mtu kumwandikia kila mtu kwa siri, na mwanamume mmoja akawa anawasumbua dada zetu wakati kipindi kinaendelea. Nililijua jambo hilo baada ya wawili kuacha kuja. Bado linaniuma. Siku hizi kwenye mipangilio nimeweka kwamba mwanafunzi anaweza kuwaandikia wote au mwalimu peke yake, basi. Mlioanza juzi, fanyeni hivyo leo usiku, kabla ya kipindi.

Nasubiri mawazo yenu, hasa ninyi msiokubaliana nami.

Bandarini

Mwalimu, mimi ni mtu wa forodha, siyo yule wako, mwingine. Naongezea jambo moja: kazini kwetu Kiingereza kingi ni cha kuandika. Meli ya korosho ikiwa gatini, wakala wa kule nje ananiandikia, namwandikia, hapohapo, anasubiri jibu. Hiyo ni chati ya papo kwa papo kwa Kiingereza na pesa za watu zimo ndani. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha hiyo. Nilijifunza kwa kuumia.

Ndanda Road

Mwalimu mwenzangu, shikamoo kama umenizidi, na kama sivyo basi salamu. Nafundisha Masasi, mtandaoni na ana kwa ana, na mimi ni mmoja wa wanaofunga chati. Siyo yule wa kikao chenu, lakini mawazo yetu ni mamoja.

Nilikuwa na mwanafunzi, binti, anaandika vizuri kuliko wote. Kwenye chati alikuwa nyota. Miezi mitano. Akaomba kazi hotelini, wakampigia simu, wakamwambia ajieleze kwa Kiingereza. Hakuweza. Alikata simu, akanipigia mimi akilia. Aliniambia: mwalimu, maneno nilikuwa nayaona lakini hayakushuka. Mimi ndiye niliyemwacha aandike miezi mitano. Tangu hapo nimefunga.

La pili, tafsiri za mashine. Mtu wa wiki ya pili analeta sentensi ya profesa. Anabandika tu. Darasa linaona aibu, yeye hajifunzi, mimi nadanganywa. Kwa mdomo huwezi kubandika.

Mwalimu wa Shangani

Marahaba hapana, inaelekea umri wetu ni mmoja. Ndugu yangu, hilo la simu limenigusa, na sitakujibu kwa haraka.

Binti yako hakuponzwa na kuandika. Naona aliponzwa na maandishi kuishia kwenye maandishi. Kwangu ipo sheria moja isiyovunjwa: hakuna mtu anayeandika bila kusoma kwa sauti alichoandika angalau mara moja kwa kipindi. Wiki ya kwanza anasoma neno kwa neno. Ikifika wiki ya tatu namwambia afumbe macho aseme kilekile bila kuangalia. Mwezi wa pili anaandika maneno matano tu, siyo sentensi, anaongea kwa kuyafuata hayo. Maandishi yanapungua kadiri mdomo unavyozoea. Nisingefanya hivyo ningepata wanafunzi kama wako, na kusema kweli wawili wa mwaka wa kwanza niliwapoteza namna hiyohiyo.

Kuhusu kubandika, mvua ya nusu dakika inasaidia kwa kuwa hakuna muda wa kwenda na kurudi. Na mimi huuliza ya leo, ya kwake. Mchana umekula nini na nani alipika? Nani alikuwa wa kwanza kukusalimia asubuhi? Mashine haijui kwamba jirani yake amempelekea ming'oko. Na yeye akitaka kuisema ming'oko kwa Kiingereza inabidi aeleze: ni mizizi ya porini, tunachimba, tunachemsha. Hapo ndipo lugha inapofanya kazi.

Mama Wawili TDH

Mimi ni mwanafunzi, siyo wa mwalimu huyu, nasoma kwingine. Naomba niseme kidogo.

Saa ya kipindi chetu ndiyo saa ninayolaza watoto. Mdogo ana miezi saba, analala mapajani nikiwa nasoma. Nikifungua maiki naamsha. Nyumba ya pili kuna mashine ya kusaga, msimu wa mavuno inanguruma mpaka usiku. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa anasema asiyefungua maiki hajahudhuria. Alikuwa ananiondoa. Nililipa miezi miwili nikahudhuria kama wiki mbili.

Huyu wa sasa ananiruhusu kuandika. Kuna siku mwanangu amelala mapema, nafungua na kuongea. Siku hizo naongea sana. Watu wanashangaa kwamba kumbe najua. Najua kwa sababu siku zote nilikuwepo.

Chati kwangu ndiyo mlango wenyewe.

Ndanda Road

Mama, hili sikuwahi kulifikiria. Nakushukuru, nimelisoma mara mbili.

Pwani ya Lindi

Mimi sikio la kushoto halisikii tangu nikiwa mdogo, la kulia linasikia nusu. Ana kwa ana najitahidi kwa kuangalia midomo. Kwenye Zoom watu wamezima kamera kwa ajili ya bando, midomo hakuna. Mwalimu akiandika kwenye chati swali analouliza, hata kwa maneno matatu, mimi nimo darasani. Asipoandika, nimelipia kutazama majina meusi kwenye skrini.

Walimu, andikeni swali. Haiwachukui hata sekunde kumi.

Mkufunzi Kusini

Nimefundisha ualimu wa lugha kwa muda mrefu, naomba nilete tafiti tatu kwa sababu mjadala huu ni wa zamani kuliko Zoom.

Mwaka 1995 Richard Kern alichapisha utafiti wa wanafunzi wa Kifaransa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walijadili mada kwa maandishi ya papo kwa papo kwenye kompyuta zilizounganishwa, na wakajadili kwa mdomo. Kwa maandishi zamu zao za kuchangia zilikuwa zaidi ya mara 2, hata mara 3, ya zile za mdomo. Mwaka uliofuata Mark Warschauer, Hawaii, akalinganisha vivyo hivyo kwa wanaojifunza Kiingereza, akakuta mchango ukigawanyika kwa usawa zaidi kwenye maandishi. Wale waliokuwa kimya ana kwa ana ndio walioinuka.

Sasa kwa ndugu wa Masasi, hili ndilo lako. Mwaka 2002 Scott Payne na Paul Whitney walichukua wanafunzi wa Kihispania. Kundi moja likafanya vipindi vyote ana kwa ana, jingine likafanya nusu ya vipindi kwa chati. Mwisho wa muhula wakapimwa kuongea, kwa mdomo. Kundi la chati liliongeza alama zaidi. Maelezo yao ni kwamba mtu anayeandika kwa papo kwa papo anapitia kazi ileile ya kichwani ya kuunda sentensi, isipokuwa kutamka. Tazameni lakini: nusu ilibaki ana kwa ana. Binti wa hotelini hakupata hiyo nusu.

Na Kern mwenyewe alikuwa mkweli, alisema usahihi wa sarufi na mtiririko wa hoja havikufaidika kwenye chati. Watu wanaandika mbiombio, mazungumzo matatu yanapishana, huyu anajibu swali la juu na yule la chini. Mwalimu wa Shangani unalifanyaje hilo la kupishana?

Mwalimu wa Shangani

Asante sana Mkufunzi, sikuwa nikizijua zote tatu. Hiyo ya Kihispania nitaichapisha niibandike juu ya meza.

Kupishana kupo. Anayejibu lazima aanze na jina la anayemjibu. Kiranja anasimamia. Kukizidi vurugu nasema "stop", vidole juu, tunarudi kwenye mdomo. Kwa sarufi, baada ya kipindi nahifadhi chati yote, natoa sentensi kumi, naondoa majina, naziweka kwenye grupu la WhatsApp kesho yake asubuhi. Wanazirekebisha wenyewe kabla mimi sijasema. Nilianza kufanya hivyo kwa sababu nyingine kabisa: mtandao ukimtupa mtu nje akirudi anakuta chati yake tupu, meseji za mwanzo hazioni. Ilibidi ziwekwe mahali.

Kijana wa Boma

Natembeza wageni Mikindani. Mimi nilisoma miezi mitatu na mwalimu wa ng'ambo kwenye tovuti moja, tulikuwa wanafunzi wa nchi nyingi. Naandika swali kwenye chati, yeye hatazami. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Mwisho unaacha kuandika, halafu unaacha kuingia. Chati iliyofunguliwa na haisomwi inaumiza kuliko iliyofungwa, kwa sababu iliyofungwa angalau hukungojea kitu.

Jambo jingine, mwalimu, wewe hukuligusa: sisi vijana tumezoea kuandika "cjui", "xaxa", "2po". Tukihamia Kiingereza tunaandika vivyo hivyo, "u r", "gud". Unatufanyaje? Maana mgeni akinitumia meseji kuuliza habari za njia za watumwa na nyumba za zamani, sitaki nimjibu kitoto.

Mwalimu wa Shangani

Mdogo wangu, umesema kweli tupu kuhusu chati isiyosomwa, na nikiri nami huwa nazipita baadhi nikichoka. Kiranja alizaliwa kwa ajili hiyo.

Ufupisho siukatazi wakati mtu anatafuta wazo. Ila kwa mvua ni sentensi kamili, herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho. Na zima ile kamusi ya simu inayokumalizia maneno. Mmoja wa vijana wa huko kwenu alikuwa akiandika Kiingereza safi, tulipozima ikaonekana simu ndiyo iliyokuwa ikijua. Ilimchukua mwezi. Sasa anajua yeye.

Jizoeze hivi: andika jibu la mgeni kwa namna mbili, moja fupi ya rafiki, moja ya heshima. Zilete hapa ukitaka, tutazisoma.

Ndanda Road

Wakuu, nimerudi baada ya siku tatu. Jana usiku nimefungua chati. Watu tisa.

Nilifanya mvua kama alivyoeleza mleta uzi. Swali: leo umemsaidia nani? Ile nusu dakika ya ukimya nilidhani haitaisha, nilitaka kuongea mara mbili nikajizuia. Yalishuka majibu nane. Mzee mmoja, fundi seremala, ambaye kwangu husema "yes teacher" na "no teacher" tu, ameandika kwamba amemtengenezea jirani yake jeneza la mtoto na hakuchukua pesa. Kwa Kiingereza kilichovunjika, lakini tulielewa wote. Nilimwomba asome. Alisoma. Kisha watu wakaanza kumpa pole, na kila mmoja akawa anatafuta namna ya kuisema pole kwa Kiingereza, kwa mdomo, bila mimi kuwauliza. Tulitumia dakika kumi na tano hapo. Somo nililoliandaa lilikuwa la vihusishi, sikulifikia.

Naiacha wazi. Na yule binti nimempigia leo, nimemwambia arudi, simtozi ada.

Ila majibu yalikuwa nane, watu tisa. Kijana mmoja hakuandika, hakuongea, kamera imezimwa. Yupo hivyo tangu mwanzo wa mwezi. Huyo unamfanyaje?

Mwalimu wa Shangani

Mwandikie wewe, kwake peke yake, wakati kipindi kinaendelea. Usimuulize mbona hasemi. Muulize kitu anachokijua yeye na wewe hukijui. Yule binti wa Newala nilikuwa nimemwita kwa jina mbele ya wote vipindi tisa, na kumwandikia sikuwahi hata mara moja, alianza yeye. Wako usimngoje aanze.

Ndanda Road

Ni fundi pikipiki. Nitamuuliza kwa nini yangu inagoma kuwaka asubuhi.